UNASOMA NINI SASA, NA UMEFIKA UKURASA WA NGAPI?

Mlezi wa Chama cha Kiswahili ameniomba nieleze katika kurasa hizi kile kikao chetu cha kila Ijumaa tunachokiita "Unasoma Nini Sasa?" Wengi wenu mmekuwa mkipita karibu na darasa letu jioni, mkatusikia tukibishana na kucheka, mkadhani tunacheza. Wengine mmeuliza kama ni masomo ya ziada. La hasha! Nitaeleza kilivyoanza, kinavyoendeshwa na vitabu vinavyosomwa muhula huu. Lakini siwezi kukieleza bila kwanza kujifichua mimi mwenyewe, maana kilianza kwa sababu ya uwongo wangu. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia kwenye dawati langu ikaishia mbele ya ubao.

Ilikuwa mwaka jana, nikiwa kidato cha pili. Mlezi wetu alitutaka kila mwanachama asimame na kuwaeleza wenzake riwaya moja aliyoisoma. Mimi nilisimama kifua mbele nikasema nimesoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Nikaanza kumimina maneno. Nikataja wahusika, kuanzia Bwana Maksuudi hadi Biti Kocho. Nikataja maudhui moja baada ya jingine, nikamalizia na mbinu za lugha. Makofi yakapigwa. Wallahi nilijiona mtu.

Kumbe sikuwa nimekifungua kitabu chenyewe. Nilikuwa nimesoma mwongozo tu, tena ule mkuukuu wa binamu yangu, ambao ulikuwa umepigwa mistari ya wino mwekundu kila mahali.

Hapo ndipo msichana mmoja, ambaye ni wa darasa moja nyuma yangu, aliinua mkono. Akasema, "Samahani, mimi niko katikati ya hicho kitabu. Nimefika pale Maimuna anapoitoroka nyumba ya baba yake. Wewe ulipofika pale, ulitaka aende ama ulitaka arudi?"

Nikanyamaza. Nikakuna kichwa. Mwishowe nikasema, "Pale mwandishi anaonyesha maudhui ya ukombozi wa mwanamke." Darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu kila mtu alielewa. Lakini yule msichana hakucheka. Alikaa chini polepole, na uso wake ulionyesha kwamba alitaka kujua kweli. Alikuwa amekibeba kitabu hicho peke yake siku nyingi, akadhani hatimaye amepata mtu wa kuzungumza naye. Hilo ndilo lililonichoma. Kicheko cha wenzangu nilikisahau baada ya wiki moja, lakini kile kitendo cha kukaa chini polepole sijakisahau mpaka leo.

Kwa ufupi ni kwamba nilimwomba kitabu. Kilikuwa cha dada yake mkubwa, na nilingoja siku tisa akimalize. Nilikisoma nyumbani usiku kwa taa ya sola mpaka ikazimika. Nilipofika pale alipouliza, nilitaka Maimuna aende, halafu papo hapo nikaogopa, nikatamani mtu amshike mkono. Kesho yake nilimkuta kwenye mfereji wa maji nikamwambia, "Nilitaka aende." Akanijibu, "Mimi nilitaka arudi." Basi tukabishana mpaka kengele ikalia. Mlezi wetu akapita, akauliza ni kitu gani kinachotugombanisha. Tulipomweleza, akasema, "Ijumaa mtagombana mbele ya wote."

Hivyo ndivyo kikao kilivyozaliwa.

KINAVYOENDESHWA

Hii yetu ni shule ya kutwa. Hakuna masomo ya usiku wala bweni. Jioni mwenzako anateremka kuelekea Rupingazi, mwingine anapanda juu kwenye majani chai, na kila mmoja anangojewa na kazi: ng'ombe hajala, maji hayajatekwa, kuni hazijapasuliwa. Kwa hivyo kikao ni cha nusu saa tu, baada ya kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Tukipitisha hapo, wale wa mbali wanafika nyumbani gizani. Kwa sababu wakati ni mchache, tumejiwekea kanuni tano.

Kwanza, hatuulizi "Umesoma nini?" Tunauliza "Unasoma nini sasa?" Haya ni maswali mawili tofauti. Ukiulizwa umesoma nini, unajitafutia sifa, unataja vitabu vikubwa vikubwa hata kama ulivifunika miaka miwili iliyopita, au hukuvifunua kamwe kama mimi. Lakini ukiulizwa unasoma nini sasa, huna pa kujificha. Si mnajua ile methali, mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Pili, lazima utaje ukurasa uliofika. Ukisema uko ukurasa wa 12, hakuna atakayekucheka. Ukurasa wa 12 wa kweli ni bora kuliko kitabu kizima cha uwongo. Kanuni hii iliandikwa kwa ajili yangu, na ni mimi mwenyewe niliyeipendekeza.

Tatu, hakuna kusimulia mwisho. Anayesimulia mwisho anawaibia wale walio kwenye foleni.

Nne, hakuna kutaja maudhui, sifa za wahusika wala mbinu za lugha katika nusu saa hiyo. Hayo tunayo darasani kila siku. Hapa unaeleza unachoogopa, unachokitaka kitokee, nani anakuudhi na nani unamhurumia. Ukikwama, unasema umekwama na sababu yake. Hakuna aibu.

Tano, kitabu kina foleni. Tuna daftari moja lenye jina la kitabu, mwenye kitabu, anayekisoma sasa na wanaongojea. Mtunza daftari ni yule msichana aliyeniuliza swali, naye hana upendeleo. Hata mlezi wetu hupanga foleni kama sisi.

VITABU VYA MUHULA HUU

Sasa niwatajie baadhi ya yale yaliyomo katika daftari hilo, ili nanyi mpate kuonja.

Mwenzangu wa dawati anasoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1996. Nakala yenyewe imepita mikono mingi hadi imepoteza jalada, ikavishwa karatasi ya pakiti ya unga. Ni hadithi ya kijana Kongowea Mswahili wa Tanga, mwana wa mwimbaji Zainabu Makame, anayefunga safari kwenda kumtafuta baba yake hadi Kitale. Mwenzangu huyu hajawahi kuvuka Thika, lakini sasa hutembea na atlasi mkononi akipima kwa rula kutoka Tanga hadi Kitale. Juzi alisema anaogopa kwamba safari yote hii huenda ikawa bure. Mwandishi wake alituacha mwezi Aprili 2020 jijini Nairobi, wakati shule zote zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona. Mimi nilikuwa shule ya msingi, sikujua tumepoteza nani. Sasa ndio najua.

Msichana mmoja wa darasa letu anasoma Kidagaa Kimemwozea, ya Walibora huyo huyo. Ana hasira na Mwalimu Majisifu, ambaye alichukua mswada wa kijana Amani akauchapisha kwa jina lake mwenyewe. Alisema angempata Majisifu njiani angempokonya hata kofia. Wote walicheka, lakini mimi niliinama. Nilikumbuka siku niliyosimama mbele ya ubao nikiyasema maneno ya mwandishi wa mwongozo kana kwamba ni yangu. Nilipiga hesabu nikaona kwamba mimi na Majisifu tunatofautiana kwa ukubwa wa wizi tu.

Mvulana wa kidato cha nne aliokota nakala ya zamani ya Kaburi Bila Msalaba katika sanduku la marehemu babu yake. Riwaya hiyo ya P. M. Kareithi ilitoka mwaka 1969, nayo inahusu vita vya Mau Mau. Humsomea nyanya yake jioni, huku nyanya akimfasiria kwa Kiembu yale ambayo kitabu hakisemi. Nyanya huyo alikuwa msichana mdogo katika miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, watu wa huku walipohamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Kila Ijumaa mvulana huyu anatuletea kurasa za kitabu, halafu anatuletea na za nyanya. Wiki moja alitwambia hakuendelea hata ukurasa mmoja, kwa sababu nyanya alianza kulia, akamwambia afunge kitabu waongee tu. Tulikaa kimya. Hakuna mwongozo ambao ungetupa jambo kama hilo.

Dada mmoja wa kidato cha nne anasoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, hadithi ya msichana wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria mwenye baba mkali asiyetaka bintiye aonekane na mvulana. Kitabu hiki kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, halafu baadaye kikaja kufundishwa katika shule zizo hizo. Tulibishana sana: je, ni vizuri msichana afichwe mambo ya dunia ili asipotee, ama kule kufichwa ndiko kunakompoteza? Nusu saa ikaisha. Wavulana wawili waliandamana na wasichana hadi barabarani wakiendelea kubishana, na hakuna aliyekumbuka kwamba tulipaswa kuoneana haya.

Mlezi wetu naye anasoma Peponi. Hiyo ni tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Inahusu Yusuf, mtoto anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Siku moja mlezi alisimama akasema yuko ukurasa ule ule wa wiki iliyopita, kwa maana alikuwa akisahihisha mitihani yetu. Tulimpigia makofi kuliko mtu yeyote, kwa sababu alisema kweli.

Na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, riwaya teule ya mtihani wetu? Hiyo pia imo. Mvulana mmoja alikiri kwamba ameusoma mwongozo wake mara mbili na kitabu chenyewe hajakigusa. Tulimwambia aanze ukurasa wa kwanza, na kila Ijumaa atuambie alipofika. Wiki ya tatu alikuja akasema, "Jamani, mimi nilikuwa nazijua sifa za Mangwasha kwa kichwa, lakini sikuwa nimempenda." Neno hilo lilinigusa, nikaliandika nyuma ya daftari langu.

KWA NINI NI MUHIMU

Huenda mwalimu fulani akasoma hapa akaguna: watoto hawa wana hesabu na kemia, wanapoteza wakati kwa hadithi. Nyumbani kwetu pia nilisikia hivyo. Mama alinikuta na Utengano jikoni nikiwa nimesahau maziwa mekoni, yakafurika. Akaniuliza, "Wewe, unasoma ama unacheza? Hadithi itakununulia sukari?" Mama aliachia masomo shule ya msingi kwa kukosa karo, na hataki kusikia kwamba nafasi aliyoikosa yeye mimi naichezea. Sikumlaumu.

Jumamosi tulikuwa shambani tukichuna majani chai, mimi mstari wangu na yeye wake, vikapu mgongoni. Ili kuomba msamaha wa yale maziwa nikaanza kumsimulia kisa cha Maimuna, kufika pale nilipofika. Hakusema kitu. Nikadhani hasikii. Jumamosi iliyofuata, kabla hata hatujajaza kikapu nusu, akaniuliza, "Na yule msichana wa Maksuudi, amefika wapi?" Nikataka kumwambia mwisho, akanikata kauli: "Usinimalizie! Sema pale umefika tu." Mama yangu, ambaye hajawahi kuhudhuria kikao chetu, alijua kanuni ya tatu bila kufundishwa. Tangu siku hiyo Ijumaa usiku ananifukuza jikoni, ati niende nikasome kurasa chache, kesho asikose hadithi.

Kutokana na hayo, nimeelewa jambo moja ambalo ndilo hasa nililotaka kuwaambieni. Mwongozo unakupa mwisho wa kitabu, lakini kitabu kinakupa katikati yake. Katikati ndipo hujui kitakachotokea, ndipo unapoogopa, unapopenda, unapokasirika, unapobadilisha nia. Aliyefika mwisho kwa njia ya mkato hana la kumwambia mwenzake ila orodha. Na watu wawili wenye orodha moja hawana la kubishania. Lakini watu wawili walio katikati ya kitabu kimoja wanaweza kubishana kutoka kwenye mfereji hadi langoni, wakawa marafiki.

Sisemi kwamba mwongozo ni adui. Unaposhindwa kueleza muktadha wa dondoo, au unapotaka kupanga hoja zako kabla ya mtihani, unasaidia sana. Lakini uje baada ya kitabu. Sisemi pia kwamba kila aliye katika kikao amekuwa wa kwanza darasani. Kwa upande wangu naona tofauti katika insha tu. Zamani niliazima methali kumi nikazimwagia maji ya moto ziwe supu. Siku hizi nikiandika kuhusu mtu anayeogopa, nakumbuka nilivyoogopa mimi mwenyewe nikiwa na kitabu mkononi, nikaandika hilo.

Tatizo letu kubwa ni uhaba wa vitabu. Foleni ya Siku Njema ina watu 14 na nakala ni moja. Wakati wa mvua kubwa za muhula wa kwanza kitabu kimoja cha chama kililowa begani mwa mwenzetu akivuka kijito. Tulikianika kwa kamba ya nguo, kurasa zikishikwa na vibanio. Kikakauka kikavimba kama mandazi, lakini kinasomeka na kiko kwenye foleni. Wawili wetu huenda kila mwezi kwenye maktaba ya umma mjini Embu, tukichanga nauli sote, wakaazima wanachoruhusiwa. Hata hivyo, naamini kuna vitabu vilivyolala majumbani mwetu hapa Manyatta, katika masanduku ya wazazi na chini ya vitanda vya kaka na dada waliomaliza shule. Tafadhali, viamsheni mtuletee. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Jina lako litaandikwa katika daftari kama mwenye kitabu, na kitakurudia.

Mimi je? Nisipojibu nitakuwa nimevunja kanuni zangu mwenyewe. Sasa nasoma Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Inamhusu Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo kwa kutupwa angani ndani ya chombo, akajikuta katika sayari nyingine. Nimefika ukurasa wa 31, na nimekwama. Maneno mengine ni magumu, na wakati mwingine sijui kama nacheka ama nakemewa. Mwenzangu mmoja amenigusia kwamba nilitamke jina la kitabu polepole, silabi moja moja, nitasikia kitu. Nimelitamka, na nimesikia: wale ni sisi. Ndiyo maana sijakiweka chini.

Yule msichana mtunza daftari amejiandikisha nyuma yangu, na Ijumaa iliyopita aliniuliza mbele ya wote kama bado niko 31. Nikamjibu ndiyo, bado niko 31. Akaandika, akaniambia nisiharakishe, atangoja.

Natia nanga hapa, wapenzi wasomaji. Lakini kabla hujafungua ukurasa unaofuata wa jarida hili, hebu nikuulize nawe: unasoma nini sasa, na umefika ukurasa wa ngapi? Njoo Ijumaa utujibu. Hata ukiwa ukurasa wa kwanza, karibu.